Kupima kila siku, jumla ya mwezi au gunia la msimu: nyumba ya watu wengi inunueje chakula?

Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba kaya moja ya Tanzania ina wastani wa watu 4.3. Ukitazama rafu za dukani utaona vitu vingi vimefungwa kwa kuifikiria nyumba ya kiasi hicho: unga wa kilo mbili, mafuta ya lita moja, sukari ya kilo. Kwetu sisi wenye watoto sita au saba, pengine na bibi na mdogo wa baba humo humo ndani, pakiti ya kilo mbili ni ugali wa usiku mmoja. Tofauti ya shilingi 100 kwa kilo, ambayo mwenye watoto wawili anaweza kuiacha ipite, kwetu inajirudia mara sitini kwa mwezi, na hapo ni unga peke yake.

Mijini, iwe Dar es Salaam, Morogoro au Dodoma, watu hununua kwa njia tatu. Wapo wanaonunua kila siku kwa Mangi, yaani duka la mtaani, na gengeni, kile tu kitakacholiwa leo. Wapo wanaofunga bajeti mwisho wa mwezi na kubeba vitu vikavu kwa jumla. Na wapo wanaosubiri mavuno, wananunua mahindi, mpunga na maharage kwa magunia na kuyaweka ndani. Ushauri unaotolewa sana ni "nunua jumla utaokoa". Kwa mwenye mshahara ni ushauri mzuri. Ila mama ambaye mumewe anarudi jioni na elfu kumi na mbili za kutwa, ukimwambia hivyo na kuishia hapo, hujamsaidia kitu. Umemwongezea unyonge tu. Kila njia ina nyumba inayoifaa, na nyingine inafaa kwa bidhaa moja huku ikikuumiza kwa bidhaa nyingine.

Tunalinganisha kwa vigezo gani

Cha kwanza ni bei halisi. Bei anayoitaja muuzaji ni mwanzo tu wa hesabu. Unataka kujua kilo iliyofika kwenye sufuria imekugharimu ngapi, ukishajumlisha nauli, mpakiaji, kukoboa, kusaga, na kile kilichooza au kuliwa na wadudu.

Cha pili ni namna pesa inavyotoka. Chakula kikiwa gunia ni pesa iliyolala. Mtoto akipandisha homa saa nane za usiku, hospitali haipokei maharage.

Cha tatu ni hifadhi: una chumba gani, paa gani, panya wangapi, na unaishi wapi. Joto na unyevu wa pwani si sawa na ubaridi wa Njombe.

Cha nne nakiita mkono wa jikoni. Akiba ikionekana nyingi, mkono huwa mwepesi. Mafuta yaliyokuwa yanamiminwa kwa kijiko yanaanza kumiminwa kwa kukadiria. Faida nyingi za jumla hupotelea hapa, na ni mara chache utamsikia mtu akikihesabu.

Cha tano ni ubora na usalama wa chakula chenyewe, maana kuokoa pesa kwa kuwalisha watoto kitu kibaya si kuokoa.

Ili tusiongee hewani, tuchukue nyumba ya watu tisa, wakubwa kwa wadogo, inayokula ugali mara moja kwa siku. Hiyo inataka karibu kilo mbili za unga kila siku: kilo 60 kwa mwezi, kilo 720 kwa mwaka. Bei nitakazozitaja ni za mfano. Weka za mtaani kwenu.

Njia ya kwanza: kupima kila siku

Bei halisi. Kwa kilo, hii ndiyo njia ya ghali, lakini ughali wake haulingani kwa kila kitu. Sukari ya robo ikiuzwa 800 wakati kilo ni 3,000, unapoteza 200 kwa kilo. Inauma, ila si sana. Chumvi haina tofauti ya maana. Kwenye mafuta ya kula ndiko pesa inakovuja. Fanya jaribio hili: chukua chupa tupu ya maji ya nusu lita, kila siku mafuta ya kupima yakiletwa kutoka dukani yamimine humo kwanza kabla ya kutumia, na uhesabu vipimo mpaka chupa ijae. Ukikuta imejazwa na vipimo saba vya shilingi 500, basi unanunua lita moja kwa 7,000. Halafu ulizia bei ya dumu la lita 20, uigawe kwa 20. Ukiona tofauti inazidi elfu kwa lita, na nyumba yako inatumia lita nane au tisa kwa mwezi, hapo hapo umeshaona pesa ya daftari na kalamu.

Kwenye unga, duka la mtaani mara nyingi hupima kutoka kwenye kiroba cha kilo 25, na kwa kilo utazidishiwa kidogo tu juu ya yule aliyenunua kiroba kizima. Mizani ndiyo ya kuitazama. Simama uone mshale unaanzia sifuri kabla unga haujawekwa. Gramu 50 zinazokosekana kwa kila kilo, kwa mwezi wetu wa kilo 60, ni kilo tatu nzima.

Pesa inavyotoka. Hapa ndipo njia hii inapoheshimika. Pesa inatoka kama inavyoingia. Siku mbaya unapunguza, siku nzuri unaongeza kipande cha samaki. Hakuna kilicholala. Na mwenye duka anayekujua ataandika kwenye daftari siku ambayo mfuko hauna kitu, bila riba wala ujumbe wa kutishia kwenye simu. Huo uhusiano una thamani, nami sioni vizuri kumcheka mtu anayeulinda kwa kununua hapo hapo kila siku. Angalizo ni moja: daftari likizoeleka, huwezi tena kuuliza bei kwingine, kwa sababu mwisho wa wiki pesa yote ina mwenyewe.

Hifadhi. Hakuna shida. Hakuna panya, hakuna fukusi, hakuna unga uliopata mvuke.

Mkono wa jikoni. Kilichopimwa ndicho kilichopo. Ugali unaishia pale unga ulipoishia. Kwa nyumba yenye wageni wengi wa ghafla hii ni breki nzuri kuliko watu wanavyodhani. Udhaifu wake ni safari zenyewe. Mtoto akitumwa mara nne kwa siku na noti ya elfu mbili, chenji ya hamsini hamsini huishia kwenye pipi na barafu, na mwisho wa mwezi hakuna anayeweza kusema ilikwenda wapi. Tuma mara moja, jioni, kwa orodha.

Ubora. Mboga za majani, nyanya na samaki vinafaa kununuliwa hivi hivi, hata kwa tajiri. Kwa mafuta kuna neno. Tangu mwaka 2011 kanuni zinavitaka viwanda vikubwa viongeze virutubishi kwenye unga wa ngano, unga wa mahindi na mafuta ya kula. Kwenye mafuta huwekwa vitamini A, na hiyo haipendi mwanga. Mafuta yaliyokaa kwenye ndoo inayopitisha mwanga, juani, mbele ya duka, hayabaki kama yalivyotoka kiwandani. Kama huna budi kupima, pima kwa anayeyaweka ndani, kivulini.

Inamfaa nani. Mwenye kipato cha kutwa ambaye bado hana akiba yoyote, mpangaji wa chumba kimoja, na kila nyumba kwa upande wa mboga.

Njia ya pili: jumla ya mwezi

Bei halisi. Faida ipo, ila ichague. Vinavyolipa zaidi kununuliwa kwa wingi ni mafuta, mchele, sabuni na maharage. Sabuni ya mche nunua katoni, kata vipande, vipange juu ya kabati vipate hewa. Sabuni iliyokauka haiyeyuki ovyo kwenye beseni, kwa hiyo unaokoa mara mbili. Sukari inalipa kidogo. Unga wa sembe kwa kiroba unalipa kidogo pia, labda uwe unanunua karibu na wasagishaji wenyewe kama pale Manzese na Tandale, na hapo usisahau bajaji ya kurudia. Safari ya 10,000 kwenda kuokoa 8,000 wengi wetu tumeishuhudia, hasa Kariakoo, ambako mtu huenda kwa ajili ya mchele akarudi na vikombe.

Kuna kosa moja la hesabu kwenye vipimo vya ujazo. Debe, sado na kibaba havipimi uzito. Debe la mahindi makavu huwa kilo 18 hivi, lakini linabadilika kwa aina ya punje na kwa mkono wa anayemimina; kuna wanaolishindilia wakati wa kununua na kulimimina kwa upole wakati wa kuuza. Kwa mtu wa jumla, dai mizani. Sheria ya vipimo iko upande wako, na Wakala wa Vipimo hupita masokoni kwa kazi hiyo.

Pesa inavyotoka. Inatoka kwa mkupuo, tarehe moja. Mwenye mshahara anaweza, na kwake ni afadhali itoke mapema, kabla haijaanza kuitwa na kila mwenye shida. Ila usiimalize yote. Acha pesa ya mboga ya mwezi mzima ikiwa imegawanywa kwa wiki nne, kwenye bahasha au akaunti ya simu usiyoizoea. Nyumba nyingi zinazosema jumla imezishinda, ukiuliza vizuri, zilinunua mchele na mafuta ya kutosha, kisha tarehe 15 zikakosa pesa ya nyanya na dagaa. Zikakopa kwa ajili ya mboga huku wali umejaa ndani.

Hifadhi. Ndoo zenye mifuniko inayobana zinatosha. Mchele wa kilo 25 weka kwenye ndoo mbili badala ya kuuacha kwenye kiroba, maana panya wa mjini anatoboa kiroba kwa usiku mmoja. Dagaa wakavu wanaonekana rahisi kwa debe, lakini pwani wakati wa masika hushika unyevu na kuchacha haraka. Nunua wa wiki mbili tu.

Mkono wa jikoni. Hapa ndipo jumla inaposhinda au kushindwa. Siku ya kwanza dumu la mafuta limeingia, chapati zinapikwa, sambusa zinakumbukwa, na maandazi ya watoto yanapata mafuta mapya. Tarehe 20 dumu linagonga. Dawa yake ni ya kazi kidogo: yule anayeshika funguo atoe chakula cha wiki, si cha mwezi. Jumapili jioni mafuta ya wiki yanamiminwa kwenye chupa mbili za lita, sukari kwenye kopo, mchele kwenye ndoo ndogo, na akiba kubwa inafungwa chumbani. Anayepika anaona ya wiki tu. Watoto wakubwa washirikishwe kwenye kupima huku. Mtoto wa darasa la sita akishika mizani ya jikoni mwenyewe anaelewa kwa nini hakuna sukari ya kulamba. Nyumba isiyo na mtu wa kufanya hivyo kila wiki, ama kwa sababu mama na baba wote wanarudi usiku, ama kwa sababu jiko lina wapishi watatu, inaweza kutumia zaidi kwa jumla kuliko kwa rejareja. Nasema hivi bila kumlaumu mtu. Ni hali ya nyumba.

Ubora. Unachagua mwenyewe, unaangalia tarehe, unanunua kilichofungwa kiwandani chenye nembo ya virutubishi. Kwa watoto wadogo na mama mjamzito hilo ni jambo kubwa.

Inamfaa nani. Mwenye mshahara au pensheni, familia inayokaa mahali pamoja mwaka mzima, na nyumba yenye mtu mmoja anayekubalika kushika funguo.

Njia ya tatu: gunia la msimu

Njia hii nitaikalia zaidi, maana ndiyo inayoweza kuokoa pesa nyingi na ndiyo inayoweza kukupotezea nyingi pia.

Bei halisi. Mahindi ya Nyanda za Juu Kusini, Ruvuma, Songwe, Rukwa na Katavi huanza kujaa masokoni kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane. Hapo bei iko chini. Inaanza kupanda kuelekea mwisho wa mwaka, na mara nyingi inakaza kati ya Januari na Machi, wakati ule ule sare, viatu na michango ya shule vinapodai pesa.

Tuseme gunia la kilo 100 ni 60,000 mwezi wa saba na 95,000 mwezi wa pili. Ongeza usafiri na mfuko wa kuhifadhia, gunia lako likafika 73,000. Umeokoa 22,000. Mtu anazidisha mara magunia manane na kushangilia. Hesabu hiyo ina kasoro: gunia utakalolila Agosti halijakuokolea chochote, kwa sababu Agosti sokoni bado bei ni nafuu. Faida iko kwenye magunia ya miezi migumu peke yake. Kwa hiyo huhitaji kununua ya mwaka mzima. Nyumba yetu ya kilo 60 za unga kwa mwezi, ukitaka kuivusha Novemba hadi Machi, ni kilo 300 za unga, yaani magunia matatu na kitu ukisaga dona. Mtaji unapungua zaidi ya nusu na faida karibu yote unabaki nayo. Miezi mingine nunua kama kawaida.

Nimesema dona kwa makusudi. Kilo 100 za mahindi ukisaga dona unapata karibu zote. Ukikoboa upate sembe, unabaki na kilo 70 hadi 75 hivi, nyingine ni pumba. Kwa kilo 720 za mwaka, dona inataka magunia saba na nusu na sembe inataka kumi. Dona pia ina virutubishi ambavyo kinu huviondoa na pumba. Ila ina mafuta ya kiini cha punje, kwa hiyo haikai; saga ya wiki mbili, si ya miezi miwili, la sivyo inaanza kuwa chungu. Kama watoto hawaitaki, changanya kidogo kidogo na sembe. Mwenye kuku, pumba si hasara kwake.

Tahadhari nyingine: kuna miaka bei haipandi kama ilivyotarajiwa, mavuno yakiwa mengi sana au Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, ukitoa mahindi yake sokoni. Ukiwa umeweka chakula cha kula, hujapoteza, utakula. Ukiwa umekopa ili uweke, umepoteza.

Pesa inavyotoka. Nyingi, kwa mara moja, na hairudi kwa miezi. Usinunue gunia kwa mkopo wa simu. Ada yake inaila faida hata kabla mahindi hayajashushwa. Usinunue kwa mtaji wa genge pia. Mtaji unaozunguka kila siku huzaa kuliko mahindi yaliyolala. Pesa inayofaa ni ile ya kugawana VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, ya mchezo wa kupeana zamu yako ikipangwa mwezi wa saba, au ya mazao uliyouza mwenyewe.

Hifadhi. Kila kitu kinaanzia kwenye ukavu. Mahindi yanayohifadhiwa yanatakiwa yawe na unyevu usiozidi asilimia 13 hivi, na sokoni hakuna atakayekupimia. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, weka chumvi kavu kijiko kimoja au viwili, jaza mahindi hadi theluthi ya chupa, funga, tikisa kwa dakika kadhaa, kisha iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi hayo bado ni mabichi. Yaanike juu ya turubai, si juu ya udongo, kabla ya kuyafungia. Chumvi ikidondoka chini yote na kioo kikabaki safi, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi; yaongeze jua kidogo ndipo uyafungie.

Kisha kuna wadudu. Fukusi tunawajua. Dumuzi ni mwingine, ndiye yule ambaye wengine humwita Scania; alitokea Amerika ya Kati, akaingia nchini kupitia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, na akipewa miezi michache anageuza gunia kuwa vumbi na maganda. Kwa chakula cha nyumbani chenye watoto ndani, mifuko isiyopitisha hewa, ile ya PICS na mfano wake, ndiyo ninayoipendelea. Ina mifuko miwili ya nailoni ndani na wa nje uliofumwa. Unajaza, unakamua hewa, unasokota mdomo wa kila mfuko peke yake na kuufunga kwa kamba, wa ndani kwanza. Wadudu waliomo wanakosa hewa na kufa, bila dawa. Unagharimu elfu tano hivi, na usipotobolewa unatumika tena mwaka unaofuata. Uweke juu ya mbao, mbali na ukuta, na usiuburute. Ukishaufungua ulie huo mpaka uishe. Kufungua mitatu kwa zamu kunairudisha hewa kote.

Jambo moja ninalisema kwa msisitizo. Vile vidonge vya kufukizia nafaka visiingie kabisa kwenye nyumba wanamolala watu. Hewa yake inaua, nayo hupita chini ya mlango na kwenye nyufa za dari. Hakuna gunia la mahindi lenye thamani hiyo.

Maharage yana tabia yake. Yakikaa miezi mingi mahali pa joto na unyevu, hasa pwani, yanakuwa magumu kuiva, na ulichookoa kwenye bei unakichoma kwenye mkaa. Nunua ya miezi miwili au mitatu. Mpunga unakaa vizuri kuliko mchele. Koboa kadri unavyokula.

Mkono wa jikoni. Nafaka isiyosagwa inajilinda. Hakuna mtoto anayekoroga uji wa ziada kwa mahindi mazima. Lakini ndugu na majirani wanajua ni nani ana magunia, nawe utaombwa. Ni vyema kuamua mapema, mume na mke pamoja, ni debe ngapi za kutoa, ili usitoe kwa aibu wala kunyima kwa hasira.

Ubora. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Sumu hiyo hutokana na ukungu unaoota kwenye mahindi yasiyokauka au yaliyoloa, na kupika hakuiondoi. Punje zilizobadilika rangi, zilizooza au kuota ukungu zichambue na uzitupe; usiwape kuku. Kumbuka pia kwamba mashine ya mtaani haiongezi virutubishi, kwa hiyo mwenye mtoto anayeanza kula asitegemee unga huo peke yake. Mboga za majani, dagaa na matunda viwepo.

Inamfaa nani. Wenye ndugu au shamba mkoani, wanaopata pesa ya mkupuo katikati ya mwaka, na wenye chumba kikavu chenye mlango.

Wakichangia majirani

Kuna njia ya kati ambayo akina mama wengi wanaiishi tayari. Majirani watano wananunua pamoja mfuko wa sukari wa kilo 50, dumu la mafuta na gunia la mchele, kisha wanagawana. Kila mmoja anapata bei ya jumla bila kulaza pesa nyingi na bila kuwa na stoo. Inadumu kwa masharti mawili: pesa zote zikusanywe kabla ya safari ya sokoni, na kugawa kufanyike siku hiyo hiyo, mbele ya wote, kwa mizani. Nyanya za tenga pia zinafaa kwa mtindo huu, maana nyumba moja haiwezi kuzimaliza hazijaoza.

Ukiwa katika hali hii, fanya hivi

Kipato ni cha kutwa na hakuna akiba. Endelea kupima, ila chagua kitu kimoja cha kukitoa kwenye kupima. Anza na mafuta. Weka elfu moja kila siku kwenye kibubu. Mwisho wa mwezi una 30,000 za kununulia dumu dogo la lita tano au kuchangia dumu kubwa na majirani. Ile pesa ya mafuta ambayo hukuitoa mwezi unaofuata ndiyo iwe ya kitu cha pili. Usirukie gunia.

Mna mshahara mmoja wa uhakika. Jumla ya mwezi kwa vikavu, genge kwa mboga, na kugawa kila Jumapili. Unga unaweza kubaki wa dukani kama wasagishaji wako mbali.

Mshahara upo lakini mnadaiwa kwa riba. Lipeni deni kwanza, mkiendelea kununua ya wiki kwa wiki. Hakuna punguzo la mchele linaloizidi riba ya mwezi.

Mnafanya biashara ndogo. Mtaji ubaki kwenye biashara. Faida ya msimu mzuri, kama sikukuu, ndiyo igeuzwe magunia mawili mwezi wa saba.

Mnasubiri mtoto, au kuna mgonjwa ndani. Mwezi huo pesa mkononi ina thamani kuliko bei ya kilo. Pima kila siku, lipia bima, weka nauli ya usiku. Jumla itasubiri.

Mnaishi chumba kimoja na sebule, pwani. Msiweke zaidi ya gunia moja la mahindi, na liwe kwenye mfuko usiopitisha hewa. Mchele na maharage, ya mwezi tu. Kuchangia na majirani kutawafaa kuliko stoo msiyokuwa nayo.

Mna bibi au kaka anayelima Songea, Mbozi au Sumbawanga. Msisubiri Desemba mje kuomba. Tumeni pesa mwezi wa sita ya magunia matatu pamoja na mifuko ya kuhifadhia, na mlipieni anayeyaanika, maana ndiye anayefanya kazi kubwa kuliko wote. Yapimeni kwa chumvi huko huko kabla hayajapakiwa kwenye lori.

Wageni hawaishi na funguo haina mwenyewe. Bakini na wiki kwa wiki hadi mtakapokubaliana nani anagawa. Mkishakubaliana, anzeni na mchele, mwone unafika tarehe ngapi.